Gari lilichemsha katikati ya Kitonga

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita tulitoka Dar kwenda Mafinga kwenye harusi ya mdogo wangu, watu wazima watano na mizigo, gari dogo la cc 1500. Hadi Ruaha Mbuyuni hatukuwa na shida, tukanunua na kiroba cha vitunguu. Tulipoanza kupanda Kitonga mshale wa joto ukapanda mpaka juu, mvuke ukatoka kwenye boneti. Shemeji yangu akafungua kifuniko cha rejeta, maji yakamrukia mkono mzima. Tulisubiri, tukajaza maji ya chupa, tukajikongoja hadi Iringa. Fundi wa huko akatoa thamostati, ile vali ya maji ya injini, akasema kwenye nchi ya joto haina kazi. Desemba tunasafiri tena. Je, niirudishe? Na pale mlimani tulitakiwa tufanyeje?
Mama wa wawili, Kimara

JIBU: Marahaba, mama. Mpe pole sana shemeji. Mimi nina kovu kama lake kwenye mkono wa kushoto, nililipata mlima huohuo nikiwa utingo wa lori. Nilifikiri namsaidia dereva.

Maji ya rejeta hukaa kwa mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, mgandamizo unaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke palepale, yanakurukia. Hufungui mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe umepoa na kulegea ukiubonyeza. Hiyo ni nusu saa, mara nyingi zaidi. Kisha unaweka kitambaa kinene juu ya kifuniko, unakizungusha kidogo, unauacha mvuke utoke. Mtu akishaungua, mmwagie maji safi ya kawaida dakika 20 mfululizo, halafu hospitali. Dawa ya meno na ute wa yai msimpake.

Sasa mlima. Kwenye magari mengi ya siku hizi mshale umetengenezwa utulie katikati, kwa hiyo ukishauona unahama, joto limekwenda mbali. Usisubiri ufike juu. Zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita ya ndani mpaka mwisho. Mtatoka jasho, najua, lakini hita ni rejeta ndogo nayo inapunguza joto la injini. Rudisha gia chini, usikanyage mafuta kwa nguvu, tafuta mahali pa kutoka barabarani. Ukishasimama, kama hakuna mvuke na mkanda wa injini haujakatika, acha injini iungurume taratibu maji yazunguke. Mvuke ukitoka, zima mara moja.

Pale Kitonga mnajua palivyo: ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori ya Zambia na Kongo yanapishana kwenye kona. Abiria wote washuke, wakae mbali na lami. Pembetatu ya tahadhari iwekwe kabla ya kona, siyo hatua tatu nyuma ya gari, maana dereva wa lori akishaingia kwenye kona hana pa kukukwepea. Kama mmeweka matawi na mawe, yaondoeni kabla hamjaondoka. Nakuomba sana hilo. Jiwe lililosahaulika barabarani usiku linaua watu ambao hamtawajua.

Thamostati irudishe. Kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake na kukaa hapo. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta, inachakaa. Na kuna injini ambazo ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, halafu mlimani zinachemsha zaidi. Kama ilikuwa imekwama, inanunuliwa mpya.

Lakini sidhani ugonjwa wako ulianzia Kitonga. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Kimara na kupoa likikimbia, kagua feni. Linalovumilia tambarare kisha likachemsha mlimani likiwa na mzigo, mara nyingi rejeta imeziba. Ukiwa unajaza maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), kutu na chokaa hujijenga ndani ya vile vijibomba. Mwambie fundi wako aifungue, aioshe ndani, na asafishe matope na wadudu kwa nje. Abadilishe kifuniko pia, maana mpira wake ukichoka mgandamizo haukai. Achungulie na kifuniko cha oili: akikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usisafiri.

Fanya haya Novemba, siyo wiki ya Krismasi gereji zikiwa zimejaa. Kisha kabla ya safari panda nalo mlima wowote ukiwa na mzigo, uangalie mshale. Ukihama tena, niandikie, na unieleze kiwango cha maji kwenye kikopo cha akiba kilikuwaje asubuhi kabla hujawasha gari.