Paa la ami yako

Mwanangu kipenzi,

Mesej yako niliisoma juzi baada ya magharibi, nikaisoma tena asubuhi, na jibu lake haliingii kwenye wasap ndo maana nakuandikia barua. Unauliza hela ulizodunduliza uende nazo India miezi miwili, Ahmedabad na Mumbai, ukaangalie majengo, au ununue kile kiwanja cha Fuoni. Na ukamalizia, baba hivi kusafiri kunamfunza kweli msanifu majengo au ni matembezi tu?

Kunamfunza, hilo halina mjadala, mji wetu wenyewe umejengwa na safari za watu. Sayyid Barghash, kabla hajawa sultani wa Zanzibar, aligombea kiti na kaka yake Majid, Waingereza wakampeleka Bombay, ndo Mumbai ya leo, mwaka 1859, akakaa kule kama miaka miwili. Aliposhika utawala 1870 akaanza kujenga, na lile jumba lake la Beit al-Ajaib la 1883 mie nimelipaka chokaa kwa mkono wangu nikiwa kijana. Saa saba mchana, jua la utosini, ukiingia chini ya zile roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma ukiweka kiganja ukutani, ukuta baridi. Kuta zenyewe za kwetu, mawe ya matumbawe na chokaa, lakini akazizungushia kivuli cha upana ule. Yule mtu alikwenda ugenini akarudi na kivuli.

Sasa mie kinachonisumbua sio kama mtu anafunzwa, ni anarudi na nini. Na hapa itabidi nikwambie habari ya paa la ami yako, najua unaijua nusu, ile nusu aliyokuwa akisimulia shangazi yako kwenye maharusi watu wacheke. Haikuwa ya kucheka.

Nilirudi kutoka Maskat, Oman, 1985, nimefanya kazi ya ujenzi Matrah hukohuko miaka miwili, kijana, macho yamejaa. Zile nyumba nyeupe zenye paa bapa, watu wanalala juu usiku na upepo, nilizipenda mno mwanangu. Ami yako akanipa nyumba yake nimjengee, akaniambia wewe ndo umeona dunia, fanya utakavyo. Nikamwekea paa bapa. Tukapanga boriti, juu yake mawe na chokaa, tukagonga siku tatu na vijana wanaimba, paa likang'aa kama sahani. Wazee walinambia, na mie mwenyewe nilikuwa nayaona kila siku mjini yale majumba ya Waarabu wa zamani yaliyojengwa bapa vilevile kisha wenyewe wakaja kuyafunika mabati. Niliyaona nisijiulize kwa nini. Maskat mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, hapa Unguja inapita 1,500, na masika ikishika haikupi hata siku ya kukausha chokaa.

Ilipofika Aprili maji yalipita. Nilikwenda usiku nikamkuta bibi yako amekaa kitandani kajifunika mwavuli, chini sufuria la biriani limejaa, tone linapiga palepale pwa, pwa, na ami yako kashika taa hasemi neno. Hakunigombeza. Baada ya wiki mbili nikapita nikakuta keshaweka mabati, kaita fundi mwingine, hakuniita mie. Tuliishi miaka ishirini na kitu baada ya hapo tunakula sinia moja wala hatukulitaja lile paa, kafa sijamwomba radhi.

Ndo maana nakwambia kila siku, mvua kwanza. Umechoka kulisikia, najua, ulipokuwa chuo nilikuwa nakuuliza kila mchoro maji yanakwenda wapi mpaka ukawa unaficha karatasi. Mvua kwanza, halafu jua, halafu ndo uzuri.

Lakini pengine namwonea yule kijana niliyekuwa. Maana ni Maskat hukohuko nilikoviona vile vitundu vya juu karibu na dari, joto likipanda linatoka, nikaviweka sebuleni kwetu, na wewe ulipougua surua ulikuwa ukilala pale unavihesabu, kumi na moja. Vinafanya kazi mpaka leo, feni nawasha mwezi wa pili tu. Kwa hiyo safari moja, mtu mmoja, jambo moja kapatia jingine kaharibu. Na hata hiyo nyumba ya Barghash, kipande kilidondoka 2012, tena Krismasi ya 2020 sehemu kubwa ya mbele na mnara ikaanguka ikaua watu. Nililia siku ile, uliniona. Lakini haikuanguka kwa sababu ya Bombay, nyumba ya chokaa ukiacha maji yaingie inakufa polepole, hiyo nitasema mpaka nazikwa.

Basi swali lako. Kiwanja kizuri, na bei ya Fuoni hairudi nyuma. Mama yako anataka ununue. Mie nimeapa sitoamua, wewe mtu mzima, hela zako. Ila ulinieleza mwenyewe kwamba kwenye mitaa ya zamani ya Ahmedabad nyumba zina ua katikati na chini ya ua birika la kuhifadhia maji ya mvua, na mie tangu siku hiyo nalifikiria lile birika. Ukienda, sikwambii uende, ukienda kuba na minara usinipigie picha. Nipimie mdomo wa birika upana wake, uniangalizie maji yanateremkaje kutoka paani, bomba au mfereji, na yanachujwa na nini. Uliza bibi wa nyumba, usiulize mwenye tikiti mlangoni.

Mabati ya ami yako yalikuwa yameanza kutu upande wa kibla. Nimeyakwangua yote, nayapaka rangi mwenyewe, bado safu mbili.

Baba yako