Jini au Baba? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu BOB wa Twin Peaks

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Mtanda, Lindi. Kaka yangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam alituletea kwenye flashi tamthilia ya zamani ya Kimarekani iitwayo Twin Peaks, nasi tumeitazama usiku baada ya usiku mpaka tumeimaliza. Humo mna kiumbe aitwaye BOB, mwenye nywele ndefu zenye mvi na koti la jinzi. Inakuja kujulikana kwamba Laura Palmer, msichana aliyekutwa ufukweni ameuawa na kuviringishwa kwenye plastiki, aliuawa na Leland, baba yake mzazi, huku BOB akiwa ndani ya mwili wa baba huyo. Kaka anashikilia kwamba BOB ni jini na Leland hana kosa, kwa kuwa aliyepagawa hahesabiwi. Mama, ambaye hupita akitusikia tukibishana, anasema hapo hakuna jini, yupo baba mwovu aliyetafutiwa kisingizio. Mimi nimebaki katikati. Nani amepatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ubishi wa kaka na mama yako umo ndani ya tamthilia yenyewe, vinywani mwa wahusika wake. Niwaeleze kwanza wasomaji ambao hawajaiona: ilibuniwa na David Lynch na Mark Frost, ikaanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 8 Aprili 1990 na kukoma Juni 1991. Mwaka 1992 ikafuatia filamu inayosimulia siku za mwisho za Laura, na mwaka 2017 zikaja sehemu mpya 18.

Hoja ya mama ina uzito mkubwa, lakini inakwama kwa mashahidi. Kama BOB angekuwa mawazo ya Leland peke yake, asingeonwa na watu wasiokuwa na mawazo hayo. Sarah, mke wa Leland, anamwona amechuchumaa miguuni pa kitanda cha marehemu binti yake. Mpelelezi Cooper wa FBI anamwona ndotoni. Maddy, binamu yake Laura, anamwona akimjia pale pale sebuleni mwa familia. Polisi wanapochora sura kwa maelezo ya Sarah, Leland mwenyewe anaitambua na kusema kwamba alimfahamu mtu huyo utotoni, karibu na nyumba ya babu yake kando ya ziwa. Watu hawa hawakukaa kikao wakakubaliana juu ya nywele na koti. Kwa hiyo ndani ya ulimwengu wa hadithi hii BOB yupo, na anayetaka kumfuta itambidi afute pia nusu ya mambo tuliyoonyeshwa.

Sasa tumgeukie kaka. Sisi watu wa pwani mtu aliyepandwa na pepo humwita kiti, na nadhani kaka amelichukua neno hilo akalifikisha mbali kuliko linavyokwenda. Kiti hukaliwa, basi kiti hakina neno. Lakini hata katika uganga wa pepo mambo hayaishii hapo, kwa maana pepo hupandishwa mbele ya ndugu, huulizwa jina lake na anachotaka, na yule kiti mwenyewe hupewa masharti ya kufuata akisharudiwa na fahamu. Jambo zima huwekwa hadharani. Nyumbani kwa akina Palmer hakuna aliyeuliza jina kwa miaka yote hiyo, na jini aliyekaa pale alistawi kwa sababu mlango ulifungwa.

Naomba mrudie kutazama kipindi cha Novemba 1990 ambacho muuaji anafichuliwa, na safari hii mtazame mikono. Leland amesimama mbele ya kioo sebuleni, anaiweka sawa tai yake, anatabasamu, na ndani ya kioo anayetabasamu ni BOB. Kisha anavaa glavu nyeupe za mpira, za aina ile wanayovaa manesi. Nimeliwaza tendo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowaza mapambano yote yanayofuata. Jini hana alama za vidole za kuficha. Anayevaa glavu ni mtu mwenye jina, mwenye kazi ya uwakili na mwenye nyumba ambayo polisi wanaweza kuja kuibishia hodi, na mtu huyo anajua kwamba kinachokuja ni kosa. Halafu, Maddy anapouawa, kamera inatubadilishia sura, mara Leland, mara BOB, mara Leland tena, bila kutuonyesha mahali ambapo mmoja ameishia na mwingine ameanzia.

Filamu ya mwaka 1992 inamkaza Leland zaidi. Mezani wakati wa chakula anamshika binti yake mkono na kumsimanga kwamba hakunawa, huku akizikagua kucha zake, na mama mtu anasihi aache. Hakuna nywele za mvi hapo, hakuna koti la jinzi, ni baba na meza ya chakula. Na katika saa ya mwisho ya Laura mna maneno ambayo baba anamwambia kuwa siku zote alidhani binti anajua kwamba ni yeye. Ni nani aliyesema maneno hayo, Leland au BOB? Sikiliza mara kumi, hutapata mpaka.

Hata hivyo simtupi kaka moja kwa moja. Leland anapokaribia kufa, amelala mikononi mwa Cooper, anaeleza kwamba alikuwa mtoto mdogo BOB alipomjia, kwamba alimkaribisha, naye akaingia. Kaka atasema: si unaona, alitekwa. Ni kweli, na hapo ndipo hadithi inapoumiza kuliko penginepo, kwa sababu mtoto akiambiwa na mtu mzima aje wacheze, kukubali kwake si kukubali. Tunaonyeshwa mtu aliyedhulumiwa na mkubwa katika umri ambao hakuwa na lugha ya kulieleza jambo hilo, akakua, akalifanya jambo lile lile kwa binti yake. Neno jini linabeba habari hiyo vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasoma. Lakini kumhurumia yule mtoto wa kando ya ziwa hakumwondolei yule baba aliyevaa glavu.

Mara baada ya kifo hicho wanaume wanne wanasimama msituni wakizungumza. Mkuu wa polisi wa mji anasema kuwa suala hili la roho limemshinda kuamini, na Cooper anamrudishia swali: je, ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu amemnajisi na kumuua binti yake mwenyewe? Mwingine anatoa wazo kwamba huenda BOB ni huo uovu wenyewe ambao watu huutenda. Hawafikii uamuzi. Ninalolisikia katika mazungumzo hayo ni kwamba kila maelezo yana mtu anayepata nafuu kwayo. Tukisema jini, mji mzima unapumua, maana hakuna jirani aliyepaswa kushtuka. Tukisema baba mwovu tu, tunapumua sisi watazamaji, kwa kuwa baba zetu si waovu. Waandishi wanatunyima nafuu zote mbili.

Nikiwa mtoto kijijini Newala, lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago wa Kimakonde, likitoka tuliambiwa ni mzimu wa marehemu aliyerudi. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kinachofunika kichwa chote, huona kupitia mdomo wa kinyago, na mwili hufungwa nguo ili ngozi isionekane. Siku moja nguo ilipanda kidogo mguuni nikaona kisigino chenye mpasuko mrefu, kisigino cha mjomba wangu, ambacho asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimekiona kikiwa juu ya jamvi. Nilijua ni mjomba. Nikapiga yowe na kukimbia kama wenzangu, na sikuwa nikijifanya. Kwa hiyo, mwanangu, ukimtazama BOB ukamwogopa kama jini huku ukimjua kuwa ni baba, hukukosea kutazama. Mwambie mama amepatia kuhusu hatia. Mwambie kaka amepatia kwamba yupo. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba la pili linalifuta la kwanza.

SWALI: Mimi nipo Mikindani. Nimesikia kwamba aliyeigiza BOB hakuwa mwigizaji wa tamthilia hiyo bali mfanyakazi aliyenaswa na kamera kwa bahati mbaya. Kama ni hivyo, kwa nini tujisumbue kutafuta maana?

JIBU: Ulichosikia ni kweli. Frank Silva alikuwa mpangaji wa samani na vifaa vya jukwaani. Wakati wa kutayarisha kipindi cha kwanza alikuwa akisogeza samani katika chumba cha Laura, Lynch akamwona na kumwomba achuchumae miguuni pa kitanda, bila kujua picha hiyo ataitumia wapi. Baadaye, katika tukio ambalo mama yake Laura anainuka ghafla akipiga kelele, ikaonekana kwamba Silva amejitokeza kwenye kioo kilichokuwa nyuma. Mwongozaji mwingine angerudia kupiga picha hiyo. Lynch aliibakiza, na ndipo BOB alipopatikana.

Lakini bahati ilimpa sura tu. Kuibakiza ulikuwa uamuzi, na uamuzi huo umezaa mtu ambaye tangu siku ya kwanza tunamwona kwa pembeni, ndani ya nyumba, katika kioo ambacho familia hujitazamia kila siku. Mfanyakazi yule alikuwemo chumbani kihalali, na hakuna aliyemtilia shaka mpaka kamera ilipomwonyesha. Mimi naona hilo linaeleza tabia ya BOB kuliko hotuba yoyote iliyoandikwa baadaye. Silva alifariki mwaka 1995, na sehemu za 2017 zilipotengenezwa ilibidi zitumie picha zake za zamani. Katika sehemu ya nane sura yake inaonekana ndani ya tufe linalotapikwa na kiumbe mwingine, mara tu baada ya mlipuko wa bomu la kwanza la atomiki la majaribio, huko New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Wako wanaosema hapo fumbo liliteguliwa. Sikubaliani nao, kwa maana bomu lile lilitengenezwa na watu, kwa mikono na akili zao, na kwa hiyo tunarudi pale pale msituni kwa wale wanaume wanne.

SWALI: Bibi yangu hapa Nachingwea alitazama vipindi viwili akasema, “Huyo Leland amefanywa ndondocha.” Je, tunaweza kusema hivyo?

JIBU: Msalimie sana bibi. Ndondocha, kwa masimulizi yetu ya Kusini, ni mtu ambaye nduguze wamemzika kwa machozi ilhali mchawi amemficha, akimtumikisha shambani usiku. Hana kauli wala hamu ya lolote, na anayekutana naye njiani hujua mara moja kwamba mbele yake pana jambo la kutisha. Leland hayuko hivyo. Anakwenda kazini, anafunga tai, na nywele zake zinapogeuka nyeupe kwa usiku mmoja anarudi kwa watu akiwa mchangamfu kuliko zamani. Anaimba mbele ya familia ya daktari wa mji, na wao wanamsikiliza.