Matumbawe nyumbani na umeme wa kukatika: nunua pumzi kabla ya taa

Mtu akiniambia anataka kufuga matumbawe nyumbani hapa Dar es Salaam, simuulizi kwanza tangi lake ni la lita ngapi wala taa zake ni za kampuni gani. Namuuliza: umeme ukikatika saa nne usiku, ukarudi alfajiri, maji yako yatatembezwa na nini? Wengi hujibu jenereta. Sawa, lakini jenereta inataka mtu wa kuamka aiwashe, na usiku umeme unaweza kukatika na kurudi wewe uko usingizini fofofo. Asubuhi unakuta saa ya ukutani inakwenda vizuri na samaki wako wanaelea.

Kinachoua hapo ni kukosa pumzi. Giza lenyewe halina neno: matumbawe hukaa siku mbili tatu bila taa na yasipate madhara ya maana. Oksijeni ndiyo haisubiri. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, na joto linazidi kuipunguza. Kwenye nyuzi 25 lita moja ya maji ya bahari hushika miligramu 6.7 hivi, ikifika nyuzi 30 zinabaki 6.2. Hicho ni kiwango cha maji yaliyoshiba hewa, na maji ya tangi lililojaa samaki huwa hayajashiba. Usiku mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mwani mdogo sana unaoishi ndani ya matumbawe, ambao mchana hutengeneza oksijeni, usiku nao unaivuta. Samaki wanavuta, bakteria kwenye mawe na mchanga wanavuta. Hewa mpya huingilia kwenye uso wa maji, na uso ukitulia kimya inayoingia ni kidogo mno.

Kwa hiyo kila kifaa unachotaka kununua kipime kwa maswali mawili: kinakula wati ngapi, na umeme ukikatika kinasimama vipi. Bei na urembo vifuate baadaye.

Anza na tangi lenyewe. Wauzaji wanapenda kutuuzia matangi marefu membamba, yanayopendeza kwenye kona ya sebule. Yaache. Tangi pana na fupi lina uso mkubwa wa maji, yaani lina pua kubwa. Lita 200 kwenye tangi pana zitavumilia saa kadhaa ambazo tangi refu la lita zilezile halitavumilia. Na usijaze samaki. Kangaja ni samaki mzuri, ila haachi kuogelea, na wa namna yake ndio huanza kuhema juu ya maji mapema.

Baada ya hapo pampu. Pampu za zamani za umeme wa ukutani, za kupandisha maji kutoka tangi la chini, lile la pili linalofichwa chini ya tangi kuu, zinaweza kula wati 60 au 80. Zile za DC za volti 24 hufanya kazi hiyohiyo kwa nusu ya hapo, unaweza kuzipunguza kasi, na nyingine zina tundu la kuchomeka betri moja kwa moja bila inveta. Hilo tundu ni la kulitafuta kabla hujatoa hela. Pampu ya mawimbi, ile inayozungusha maji ndani ya tangi kuu, ikiwa na tundu la betri, umeme ukikatika hubadilika yenyewe na kuendelea kuzunguka polepole bila mtu kuamka. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, mimi ningenunua hiyo, taa zingesubiri.

Hesabu ya betri haina ugumu, na ifanye mwenyewe kabla fundi wa sola hajakufanyia. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo una 600. Inveta nayo inakula chake hata ikiwa haina mzigo, basi hesabu 500. Pampu ya mawimbi ya wati 12 na pampu ya hewa ya wati 4 ni wati 16, betri hiyo itakupa kama saa 30. Ukiipachika chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya wati 200 kwenye betri hiyohiyo, unapata saa mbili na nusu, basi. Betri za lithiamu zinakubali kushushwa zaidi, karibu asilimia 80 au 90, ndiyo maana bei yake kubwa si ya bure. Mwezi Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na kuna maeneo yaliyokaa hivyo karibu siku nzima. Mfugaji wa Mombasa mwenye chila kwenye betri na mwenye pampu ndogo kwenye betri hawakuwa na usiku mmoja.

Ukinunua inveta, chukua ya wimbi safi, ile wauzaji wanayoiita pyua saini. Za bei chee zinatoa umeme wa kukatakata, na pampu za kawaida zikiunganishwa humo hunguruma na kupata moto. UPS ya kompyuta isikudanganye pia: ndani yake mara nyingi kuna betri ya ampea 7 tu, ni ya kukupa nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima.

Asiye na uwezo wa betri anunue pampu ya hewa ya USB pamoja na pawabenki. Zinakula wati moja au mbili, na pawabenki ya mAh 20,000 inaweza kulivusha tangi dogo usiku kucha. Tatizo moja: pawabenki nyingi zikiona mzigo ni mdogo hivyo hudhani simu imejaa, zinajizima. Ijaribu mezani kwa saa nzima kabla hujaiamini. Ukikuta hata hiyo huna, chukua jagi, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu yapige povu, rudia kila baada ya dakika chache. Fungua mfuniko. Na usilishe chochote mpaka umeme urudi, maana chakula kinachooza kinavuta oksijeni ileile unayoigombania.

Vichujio vya mtungi, vile vinavyofungwa kabisa na kuwekwa chini ya meza, mimi sivipendi kwa tangi la matumbawe. Ndani kuna bakteria wengi waliozoea maji yanayopita. Maji yakisimama wanamaliza oksijeni iliyomo, wanakufa, na wengine wasiohitaji hewa wanachukua nafasi. Fungua mtungi uliokaa bila umeme usiku mzima: harufu ya yai viza itakupiga usoni kabla hujauinua mfuniko wote. Umeme ukirudi wakati umelala, pampu inayatapika yale maji yote tangini kwa mara moja. Kama unao, umeme ukikaa zaidi ya saa mbili uchomoe kwenye soketi, na usiuwashe mpaka umeusafisha kwa maji ya tangi.

Tangi la chini lina tabia yake. Pampu ikisimama, maji ya juu yanashuka kupitia bomba la kupandishia mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Watu hufunga valvu ya kuzuia maji kurudi, wakalala. Konokono mdogo au mnyoo wa kijibomba cha chokaa akikaa kwenye ulimi wa ile valvu, haifungi tena, na asubuhi sebule ni ziwa. Kinachosaidia ni kitundu cha kuvuta hewa kwenye bomba, sentimita moja chini ya uso wa maji, ambacho unakichokonoa kwa mswaki kila wiki. Halafu jaribu. Jumamosi mchana, uko nyumbani, zima swichi na uchuchumae utazame. Maji yatapanda kwenye tangi la chini, yatapungua kasi, yatasimama. Piga mstari wa kalamu nzito hapo yaliposimama. Kama mstari uko vidole viwili kutoka ukingoni, punguza maji unayoanza nayo. Washa tena na upige mstari wa pili pale yanaporudi wakati pampu inafanya kazi, na usijaze kamwe kupita huo wa pili.

Jaribio hilo litakuonyesha pia kwamba skima, kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu, hufurika umeme ukirudi, kwa sababu maji ya tangi la chini bado yako juu na povu linapanda hadi kwenye kikombe na kuvuka. Kuna taima za bei nafuu zinazochelewesha kuiwasha dakika 10. Na pampu iliyosimama muda mrefu ikiwa na chokaa ndani inaweza isizunguke tena: inanguruma tu pale ilipo. Zitoe zote kila miezi mitatu, zilaze kwenye maji yenye siki, sugua.

Sasa joto, ambalo kwetu pwani ndilo tatizo la pili, na wakati wa kaskazi linataka kuwa la kwanza. Miongozo mingi ya ufugaji huu imeandikwa kwa watu wa nchi za baridi, wanahangaikia hita. Hita hapa Dar nimeitoa kabisa, ni kifaa kinachoweza kukwama kwenye kuwaka na kupika kila kitu. Matumbawe ya nyumbani yanataka nyuzi 24 hadi 27. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa, wakati ongezeko la nyuzi moja tu juu ya kiangazi cha kawaida likidumu wiki kadhaa linatosha kuyatesa. Tangi lako ni dogo kuliko bahari, halina pa kukimbilia.

Feni ndogo inayopuliza uso wa maji inashusha nyuzi mbili hivi pale hewa ikiwa kavu. Siku hewa imejaa unyevu inasaidia kidogo. Kumbuka kinachoondoka kwa feni ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo jaza kwa maji yasiyo na chumvi. Umeme ukiwa haupo, mimi natumia chupa zilizogandishwa. Chupa ya lita moja na nusu iliyoganda sawasawa, ikiyeyuka yote, inashusha tangi la lita 200 kwa karibu nyuzi 0.8. Zitupe kwenye tangi la chini, moja moja, ukiangalia kipimajoto, maana kuporomosha nyuzi tatu kwa mara moja ni kuleta maradhi mapya. Friza iliyofungwa haiyeyushi upesi, msiifungue fungue kutafuta vitu vingine.

Umeme unaporudi ndipo vifaa vinapoungua. Weka friji gadi yenye kuchelewesha, hasa kwa chila, ambayo kompresa yake haitaki kuwashwa hapo hapo. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Na mwite fundi akufungie kikata umeme cha uvujaji. Maji ya chumvi na mkono wako ni njia nzuri sana ya umeme. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Moshi wake unaua watu, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba kilekile.

Kwa wanaoanza: chagueni matumbawe laini kwanza, yale ya ngozi, uyoga na zoa. Yanavumilia usiku mbaya kuliko yale magumu ya matawi. Na pateni vipande kutoka kwa wafugaji wenzenu. Kwenda kuvunja mwambani ni kuharibu, na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunataka kibali.

Baada ya usiku mrefu, pima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, kabla ya kufurahi. Kama imepanda, badili asilimia 20 ya maji. Ndiyo maana nina ndoo za maji ya chumvi tayari muda wote. Wanaochota bahari wachote maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari ya wazi, kamwe si karibu na mdomo wa mto Msimbazi, na wakati wa masika wasichote kabisa, mito inamwaga kila kitu.

Kitu cha mwisho ni karatasi. Kwenye mlango wa kabati la tangi langu nimebandika maelekezo kwa yeyote aliye nyumbani mimi nikiwa kazini: washa pampu ya hewa, fungua mfuniko, usilishe, chupa moja ya barafu ikizidi nyuzi 28, chomoa skima. Kwa kalamu ya bluu, dada wa nyumbani kwetu akaongeza la sita, ambalo sikulifikiria na ambalo limetusaidia kuliko betri: luku ikibaki uniti 10, mwambie baba anunue kabla hajalala.