Aya moja ibebe hoja moja tu

Wenye watoto kidato cha nne, na nyinyi wenyewe mnaojiandaa na KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, naomba tuongee kuhusu aya, manake nimesoma insha nyingi za tuisheni na shida karibu kila mara ni ileile, sio msamiati wala hijai, mtoto Kiswahili anacho tena kizuri tu lakini kila aya imebebeshwa mambo yote kwa pamoja.

Ile karatasi ya insha ya Kiswahili kwenye KCSE ni saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja isipungue maneno 400 na ina alama 20. Muda ni mfinyu kweli, ndio maana mtu akiona saa inayoyoma anaandika chochote kinachomjia. Mimi huwaambia wachukue kama dakika tano kwanza waandike hoja pembeni, kila hoja kwa sentensi kamili. Ukiandika "mazingira" bado hujasema kitu, ila ukiandika "mifuko ya plastiki huziba mitaro" hapo aya unayo tayari.

Soma hii, ndio aina ninayokutana nayo kila siku:

"Mifuko ya plastiki ina madhara. Ng'ombe huila na kufa. Aidha, serikali iliipiga marufuku mwaka 2017. Vilevile huziba mitaro. Pia wafanyabiashara walipata hasara."

Sarufi haina neno. Lakini hebu panga hizo sentensi upya vyovyote utakavyo, hakuna kinachoharibika, yaani hazishikani, na hizo aidha na vilevile hazisaidii kwa sababu kiunganishi hakiwezi kuunga mambo ambayo hayana uhusiano. Sasa chukua hoja moja tu uifuate mpaka mwisho:

"Mifuko ya plastiki huziba mitaro ya mijini. Mtu hununua mboga sokoni, akautupa mfuko, na mvua ikinyesha husombwa hadi mtaroni ukanasa na takataka nyingine. Maji yakikosa pa kupitia hufurika barabarani na kuingia madukani. Hii ni mojawapo ya sababu zilizotolewa Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017."

Hapo huwezi kuhamisha sentensi hata moja. Na ule mwaka 2017 sasa una kazi, mwanzo ulikuwa umewekwa tu. Ng'ombe nao wapewe aya yao, wanastahili kabisa.

Kitu kingine ni zile "waama wahenga hawakukosea waliponena" zinazokaririwa na kubandikwa mwanzo wa kila aya. Methali nazipenda sana, lakini sentensi ya kwanza ndiyo inayomwambia msomaji anapelekwa wapi, sasa ukiipa methali iliyokaririwa anabaki anasubiri. Sema hoja yako kwanza, methali ije pale inapoitia nguvu.

Ukimaliza insha soma sentensi za kwanza za aya zote peke yake, moja baada ya nyingine. Zikifuatana kama mtu anayeeleza jambo, uko sawa, na kama kuna moja inaruka ujue aya hiyo imekaa pasipo pake.

Nyumbani jaribuni hivi: mtoto aandike aya moja tu jioni, amsomee mtu yeyote kwa sauti, hata mdogo wake, halafu amuulize "nimesema nini?" Akijibiwa mambo mawili, aikate iwe aya mbili kisha asome tena.