Wewe unayeanza kazi ya kutegua mabomu: jihadhari na wiki ya tatu

Siku ya kwanza kila mtu ni mwangalifu. Jasho linatiririka chini ya kioo cha uso, mikono inatetemeka, na kila mashine ya kutambua vyuma inapolia unaamini kabisa kwamba ndilo bomu lenyewe. Siku hiyo sina wasiwasi nawe. Wasiwasi wangu ni wiki ya tatu, woga ukishakutoka.

Mimi nilianzia kaskazini mwa Uganda, upande wa milima ya Agoro, karibu na mpaka wa Sudan, leo Sudan Kusini. Vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) vilikuwa vimewasukuma watu zaidi ya milioni 1.5 kambini, na mapigano yaliposimamishwa Agosti 2006, watu walitaka kurudi kulima. Tulifanya kazi wenye mashamba wakitusubiri kando ya vigingi vyekundu vya kuonyesha hatari.

Njia yako ina upana wa mita 1. Kwanza unatafuta waya wa mtego kwa kijiti chembamba, kisha unakata nyasi kidogo kidogo, ndipo unapitisha mashine. Ikilia, weka alama, rudi nyuma kidogo, uchimbe kuifuata alama ukitokea ubavuni, chuma cha kuchokolea kikiwa kimelala kwa nyuzi 30 hivi. Elewa sababu, usikariri tu. Bomu la ardhini limeundwa lilipuke likikandamizwa kutoka juu. Ukilifikia ubavuni, unagusa mwili wake tu. Ukisimamisha chuma na kuchoma kutoka juu, umefanya kazi ya mguu uliokuwa ukingojewa.

Ugumu ni kwamba ardhi iliyopitiwa na vita imejaa vyuma: maganda ya risasi, vifuniko vya soda, misumari, vipande vya sufuria. Nayo mabomu mengine ni ya plastiki, chuma chake ni kidogo mno, kwa hiyo huwezi kuipunguza mashine ukali ili upumue. Utachimba takataka kutwa nzima. Hapo akili inaanza kukudanganya kwamba umeshaujua mlio wa kifuniko cha soda.

Mimi ilinidanganya. Ilikuwa Februari, udongo umekauka kama tofali. Nilipaswa kuumwagia maji na kungoja ulainike. Nikachoka kungoja, nikaanza kuchokoa kutoka juu. Afande aliyekuwa akitusimamia akapiga firimbi, akaja, akalitazama shimo langu, akaniamuru nitoke kwa njia niliyoingilia. Akalala chini, akachimba mwenyewe kutoka ubavuni, taratibu, karibu saa nzima. Akatoa kipande cha jembe bovu. Nikashusha pumzi nikidhani yamekwisha, lakini alinitoa kazini siku mbili. Aliniambia shimo langu lingekuwa lile lile hata kama chini pangekuwa na bomu. Nilikasirika wakati ule. Leo nikiwa na kikosi changu nafanya vivyo hivyo, na sijali nani atanuna.

Kwa hiyo pumziko likiitwa, pumzika. Ukiwa umepigiwa simu yenye habari mbaya kutoka nyumbani, au umelala vibaya, mwambie kiongozi wako kabla hujavaa fulana ya kinga. Kusema hivyo si udhaifu. Anayenyamaza ndiye anayenitisha.

Jambo la pili ni watu. Usitegemee kuachiwa ramani na waasi waliotega mabomu. Wanaojua ni wanakijiji, hasa akina mama wanaookota kuni na vijana wanaochunga. Ila kumbuka kwamba kwa Waacholi wengi, wenyeji wa huko, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Ukiingia boma la mtu na kuanza kuhoji kwa Kiswahili, watakujibu kwa adabu na hawatakuambia kitu. Nenda na mtu wa pale. Jifunze angalau kuuliza "Kop ango?", yaani habari gani, kisha keti, umwache mzee aanze.

Na usiulize, "Mabomu yako wapi?" Uliza wasikopita. Mama mmoja alitujibu kwa kutuonyesha mwembe kwa kidole, wala hakusema neno. Maembe yalikuwa yameoza chini ya mti, katika kijiji chenye watoto tele. Tuliweka vigingi siku ile ile.

Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, miaka mitatu baada ya muda wa kwanza uliowekwa na mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku mabomu hayo. Hilo halikufuta makombora na mabomu ya mkono yaliyoanguka bila kulipuka. Hayo huibuka mtu akilima au akichoma nyasi, na watoto huyaokota wakitafuta vyuma chakavu vya kuuza. Ukiitwa, usiliguse wala usimruhusu mtu kulisogeza, hata kama limeota kutu. Kutu haifanyi bomu kuwa salama.

Shamba likikamilika, kikosi hujipanga bega kwa bega na kulitembea lote mbele ya wenyewe kabla ya kuwakabidhi. Katika shamba lile la mwembe, nilipofika kwenye mita zangu nilikumbuka shimo moja moja, nani alikuwa pembeni yangu na jua lilikuwa wapi. Yule mama alikuwa ameshavua ndala, jembe begani, akingoja tufike mwisho ili aingie.