Mshono wa kempa ukiachana, vua mkanda kwanza

Kama una kempa, lile gari lenye chumba cha kulala safarini, hapa Mombasa, iwe ilitoka Ulaya au ulijengewa bodi juu ya Canter kama yangu, basi injini isikupe presha sana, ogopa maji. Yanaingia polepole pale shiti ya alumini ya ubavuni inapokutana na ya paa, kwenye zile kona zenye mkanda, ule utepe unaofunika mshono, uliopigwa skrubu, na kuzunguka tundu la hewa la juu. Ukiona mkanda umenyanyuka kiasi cha ukucha kupita, usingoje masika, manake ikifika Mei mvua ya huku hainyeshi kwa mzaha na plaiwudi ya ndani ikishalowa kazi inakuwa nyingine kabisa.

Mbona inaachana? Jua kwanza. Alumini ya mita 6 ikipanda joto digrii 30 inarefuka karibu milimita 4, chuma cha fremu kilicho chini yake kinarefuka kama nusu ya hapo tu, kwa hiyo kila siku mchana vinavutana na usiku vinarudi, alafu uongeze ile mitikisiko ya barabara za vumbi za Tsavo. Silanti (ile dawa ya kuzibia mishono) iliyokauka haiwezi kufuata huo mwendo, inapasuka. Na sisi watu wa pwani tuna chumvi juu yake. Angalia vichwa vya skrubu, ukiona kutu katikati na unga mweupe umezunguka kwenye alumini, ujue hapo vyuma viwili vinalana na tundu limeshapanuka, hata ukaze vipi skrubu haishiki.

Sasa mafundi wengi ukiwapelekea shida hii wanachukua bunduki ya silikoni, wanapiga mstari mpya juu ya ule wa zamani, wanapitisha kidole, umelipa umeondoka. Tafadhali usikubali. Silikoni ikishakauka hakuna kitu kinachoishika vizuri, hata silikoni nyenzake, rangi ndio kabisa, na ile ya bei rahisi inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula metali. Wazee wetu wa majahazi walilijua hili zamani, kalafati ya pamba na mafuta inasindiliwa ndani ya ufa baina ya mbao, haipakwi juu ukaondoka. Kwenye kempa ni hivyo hivyo, kinachozuia maji ni kile kilichobanwa chini ya mkanda, ule mstari wa juu ni msaidizi tu. Kwa hiyo mkanda lazima utoke.

Kabla hujafungua chochote tafuta maji yanapoingilia, kwa sababu yanatembea na fremu, doa unaliona juu ya kitanda kumbe mwanya uko mbele kabisa juu ya dereva. Njia ninayoipenda mie ni kufunga madirisha na kila tundu, kuweka blowa mlangoni isukume hewa ndani na kuziba pembezoni kwa turubai na tepu, alafu nje unapaka povu la sabuni kwenye mishono yote. Penye mwanya povu linatoa mapovu, unaweka alama ya chaki. Huku ndani bonyeza ukuta kwa kidole gumba, pakibonyea au pakinuka ukungu, hapo fungua upigwe feni mpaka pakauke hasa, hata ikichukua wiki kadhaa. Ukiziba unyevu ndani umeufungia uendelee kuoza taratibu.

Silanti ya zamani ilainishe kwa draya ya nywele uikwangue na kipande cha plastiki, kisu kinachana alumini. Osha na sabuni, na hapa sikiliza vizuri, suuza na maji matamu. Maji ya kisima ya huku kwetu mengi yana chumvi, ukisuuzia hayo umerudisha kile kile ulichokuwa unatoa. Maliza na spiriti na kitambaa safi. Alafu dondosha tone la maji, likitandaa sawa, likijikusanya kuwa kitone ujue bado kuna silikoni au mafuta, rudia.

Chini ya mkanda weka tepu ya butili, ile laini inayonata isiyokauka. Rudishia na skrubu za stenlesi, tundu lililopanuka hama nalo pembeni kidogo na la zamani lizibe, kila skrubu itie silanti kabla haijaingia. Usikaze mpaka mwisho siku hiyo hiyo. Acha jua lilainishe butili siku mbili tatu, kaza tena, ile inayochomoza pembeni ikate. Ndio sasa upige mstari wa juu wa silanti ya poliyurethini ya nje inayostahimili jua, ya kujitandaza kwa paa, nzito isiyotiririka kwa ubavuni. Ukipewa ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele ikatae, hiyo ni gundi, siku ukitaka kuvua mkanda utang'oa na shiti, na jua likiipiga moja kwa moja inachakaa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kaskazi, Januari au Februari, lakini gari liwe kivulini na umande uwe umekauka, saa tatu asubuhi hivi. Bati likiwa moto sana silanti inafanya malengelenge.

Ukifika chini kabisa ya ubavu, au ukingo wa chini wa dirisha, usizibe vile vitundu vya kutolea maji. Nimeona kempa nzuri zimeoza kutoka chini kwenda juu kwa sababu fundi alikuwa na bidii ya kuziba kila kitu, na inaniuma sana kwa sababu mwenyewe amelipa pesa yake akijua amesaidiwa. Poliyurethini inakauka kama milimita 3 kwa siku, kwa hiyo mstari mnene upe wiki moja kabla hujaipeleka kempa kwenye barabara mbovu.