Nani anapima magari ya India?

Je, ni kiwanda chenyewe kinachoyaunda? Hapana, kiwanda hakijipimi chenyewe kikamaliza. Serikali ya India imejenga vituo vya kupimia. Kituo kikubwa ni NATRAX, Pithampur karibu na Indore, chenye barabara ya mzunguko ya kilomita 11.3 iliyozinduliwa Juni 2021. Viwanda hulipia kuitumia, hivyo hata kiwanda kidogo hakilazimiki kujenga barabara ya kwake. Ila ARAI, taasisi ya utafiti na upimaji wa magari ya Pune, ya tangu 1966, ilianzishwa na viwanda pamoja na serikali.

Mimi fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga. Hata taa za gari hupimwa. Angalia kioo cha taa: E ndani ya duara ni alama ya kibali, na namba yake ni nchi iliyokitoa baada ya vipimo. E1 Ujerumani, E4 Uholanzi. Taa isiyo na alama yoyote simfungii mteja.